Anza na Kurudi: Kuifuata Timu ya Mtaa Ugenini Ukitokea Mombasa

Ukipanga kwenda kutazama mechi ya ugenini ya timu ya divisheni za chini, usianze na saa ya kuondoka. Anza na saa ya kurudi. Mtu wa mwisho kushuka garini anakaa wapi? Atafika kwake saa ngapi? Kutoka stejini hadi mlangoni atapita wapi, na nani? Ukishayajibu hayo, hesabu kinyumenyume mpaka asubuhi. Wengi hupanga kwenda tu, na wanakupanga kama harusi: ngoma ipo, bendera ipo, sufuria la pilau lipo. Kisha saa tatu za usiku wako Mtwapa kwenye foleni, simu zimezima chaji, na yule wa Likoni hajui atavuka feri na nani.

Mimi ni fundi wa kushona, kibanda changu kiko Kisauni, na ndiye mweka hazina wa kikundi cha mashabiki wa timu yetu ya mtaani. Bendera zetu zote zimepita kwenye cherehani yangu. Timu yenyewe siitaji, kwa kuwa kocha hapendi habari zetu zisomwe na wapinzani, na ninayoyaeleza hapa yanahusu timu yoyote ya kiwango chetu, iwe ya Kisauni, Changamwe au Mtongwe.

Kwanza ujue kama mechi ipo

Huko juu kwenye Ligi Kuu, inakocheza timu ya Bandari, mechi ikihamishwa utasikia redioni. Chini ya hapo kuna Supa Ligi ya Taifa, kisha Divisheni ya Kwanza, kisha ya Pili, kisha ligi za chini zaidi hadi za kaunti, na kila ukishuka ngazi ndivyo ratiba inavyozidi kuwa mali ya WhatsApp. Mechi ya Jumamosi saa tisa alasiri yaweza kuwa Jumapili saa saba ifikapo Alhamisi usiku, na aliyeambiwa ni katibu peke yake, naye amelala.

Viwanja tunavyochezea ni vya umma. Mwanasiasa akitaka mkutano, atapewa. Kanisa likiwa na krusedi, turubai zitakuwa zimeshasimamishwa tangu Ijumaa. Shule nazo zina michezo yao. Wakati wa masika, kati ya Aprili na Juni, mvua ikinyesha usiku kucha lango moja hugeuka dimbwi na refa akifika anatikisa kichwa tu.

Halafu kuna ambulansi. Bila ambulansi uwanjani mechi haianzi, na wa kuileta ni timu mwenyeji. Timu zisizo na mfadhili huanza kuitafuta asubuhi ya mechi kwa kupigiana simu. Nimewaona wachezaji wamevaa jezi, wamepasha misuli, waamuzi wako katikati ya uwanja, watu wote wanaangalia barabarani. Saa inapita, ambulansi haiji, na mnageuza gari kurudi nyumbani na ushindi wa mezani ambao hakuna aliyeuimbia.

Kwa hiyo mimi hupiga simu tatu Ijumaa alasiri. Ya kwanza kwa meneja wa timu yetu. Ya pili kwa katibu wa timu mwenyeji, na swali langu kwake si "mechi ipo?" maana hilo atalijibu "ipo" hata akiwa hana uwanja. Namuuliza ambulansi inatoka wapi. Akisema "inshallah itakuwepo", naitikia inshallah, kisha namuuliza tena: inatoka hospitali gani, na dereva amethibitisha? Simu ya tatu ndiyo ninayoiamini zaidi. Nampigia mtu ambaye riziki yake iko kando ya uwanja ule: mwendesha boda boda, kinyozi, au mama anayeuza viazi karai. Huyo usimwambie unachotaka kusikia. Muulize tu, "Kesho kuna nini hapo uwanjani?" Akikujibu kuna mkutano wa mheshimiwa, umeokoa pesa za watu kumi na wanne.

Huna nambari ya mtu kama huyo? Ndiyo sababu ya kwenda ugenini mara ya kwanza. Ukirudi na nambari ya mama wa viazi, safari ya mwaka ujao imeshaanza kupangika.

Jumamosi asubuhi, kabla gari halijatiwa mafuta, piga tena.

Hesabu ya Malindi

Tuchukue Malindi, kwa kuwa ndiyo safari inayowadanganya wengi. Ni kama kilomita 120 kutoka Mombasa, Kilifi iko karibu nusu ya njia, barabara wanaijua, wana shangazi huko. Wanaona ni karibu.

Nataka mtu wetu wa mwisho awe ndani kwake saa nne za usiku. Huyo anakaa Likoni, ng'ambo ya pili. Feri hufanya kazi usiku kucha na mwenye miguu halipi, lakini usiku huwa chache na kungoja ni kwingi, kwa hiyo awe kivukoni saa tatu na robo. Basi gari liwe limefika Kisauni saa tatu kasorobo. Njia ikiwa shwari, Malindi hadi Kisauni ni saa mbili na nusu, pamoja na kusimama mara moja. Njia haiwi shwari: kati ya Kilifi na Mombasa barabara imekuwa ikipanuliwa, na Mtwapa jioni ya wikendi kila mtu anataka kupita kwa wakati mmoja. Ongeza dakika 45. Ukihesabu hivyo unapata kwamba magurudumu lazima yaanze kuzunguka Malindi saa kumi na moja na nusu.

Sasa mpira. Vipindi viwili vya dakika 45 na mapumziko ya dakika 15 ni dakika 105. Ongeza kuchelewa kuanza, majeruhi, na ule ubishi wa penalti unaokula dakika tano bila mtu kujua zimekwenda wapi. Mechi ya saa tisa itaisha saa kumi na moja kama hakuna matata. Umebakiwa na nusu saa ya kusalimiana, kulipa madeni ya maji ya chupa, na kuwatafuta wale wawili ambao kila safari hupotea. Hiyo nusu saa ndiyo akiba yako yote.

Je, mpira ukianza saa kumi? Jambo hilo liamueni kabla ya kuondoka Mombasa, si mkiwa mmesimama kando ya mstari huku timu yenu inaongoza. Sisi tuliafikiana hivi: gari linangoja mpaka kipenga cha mwisho, lakini mtu wa Likoni halali njiani, analala kwa mwenzake Kisauni. Na huyo mwenzake anajulikana kwa jina tangu asubuhi, mkewe ameshaambiwa. Usimpelekee mke wa mtu mgeni saa nne za usiku kwa ghafla, ukategemea safari nyingine mumewe aruhusiwe kuja.

Kwenda ndiko rahisi. Nataka tuwe Malindi saa sita mchana, kwa sababu mechi inaweza kurudishwa nyuma ikachezwa saa saba, na kwa sababu watu wenye njaa hushangilia vibaya. Kwa hiyo gari linaondoka saa tatu asubuhi. Kwenye kikundi naandika saa mbili. Nasema hivi nikiwajua watu wangu.

Tena andika jina la uwanja, si jina la mji. "Malindi" si uwanja. Ni Alaskan, au ni kwingine? Gari likishuka upande usiofaa wa mji na wachezaji wenyewe wamo ndani, akiba yako ya muda imeanza kuliwa kabla hujashuka.

Kusimama njiani wakati wa kurudi ni mara moja tu, Kilifi. Mkiondoka kwa wakati, magharibi itawakuta hapo, kama saa kumi na mbili na nusu. Wa kuswali wakaswali, wa choo wakaenda choo, dereva anyooshe mgongo anywe chai. Dakika 20. Kutoka hapo mpaka Kisauni hakuna tena "dere, nishushie hapo ninunue korosho."

Pesa: gawa kwa kumi na moja

Matatu ya kawaida ina viti vya abiria kumi na vinne. Usigawe nauli kwa kumi na vinne. Tuseme mwenye gari anataka shilingi 12,000 kwenda na kurudi, mafuta yakiwa juu yake. Ukigawa kwa 14 unapata 857 kwa kila mtu, na hesabu inaonekana tamu. Lakini mmoja ataugua, mmoja atafiwa, na mmoja atakuambia "nitalipa Jumatatu". Gawa kwa 11: ni kama 1,091, basi toza 1,100. Watu kumi na mmoja wakilipa, gari limelipwa. Wakilipa wote kumi na wanne, una ziada ya 3,400, inayonunua maji, ndimu, na soda za vijana wa timu.

Ngoma kubwa nayo inakaa kiti. Ihesabu. Kama mpigaji hataki kuipakata, ngoma ilipiwe nauli. Tulibishana sana juu ya hili na sijabadili msimamo.

Mwisho wa kulipa ni Alhamisi magharibi. Pesa zinatumwa kwa M-Pesa kwenye nambari moja, na kila anayelipa jina lake linaandikwa kwenye kikundi siku hiyo hiyo, na kiasi chake. Mwenye gari akitaka taslimu, waambie watu watume na ya kutolea, la sivyo makato yatakuangukia wewe mweka hazina. Ambaye hajalipa ifikapo Alhamisi, kiti chake kinapewa anayefuata, hata akiwa mtoto wa mwenyekiti.

Mwenye gari umpe nusu kabla ya safari na nusu mkirudi. Akikataa, tafuta mwingine. Gari likilipwa lote asubuhi, jioni dereva atapigiwa simu kuwa kuna abiria wa Lamu au wa harusi, na nyinyi mtajikuta mnasubiri "gari jingine linakuja". Nusu iliyobaki mfukoni mwako ndiyo inayowarudisha.

Kabla ya hiyo nusu ya kwanza, uliza kibali. Matatu iliyosajiliwa kwa njia ya Kisauni na mjini hairuhusiwi kwenda Malindi hivi hivi. Inahitaji leseni ya muda mfupi kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Kionyeshwe kwa macho, kwenye simu au kwenye karatasi. Bila hicho, kizuizi cha kwanza cha polisi kinakuwa mwisho wa safari, au mwanzo wa mchango mwingine ambao haumo kwenye hesabu. Na watu wawe kumi na wanne kwa mikanda kumi na minne. Habari za kusukumana viti zibaki kwa wanaokwenda Kongowea sokoni.

Mengine ya kukubaliana kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu: mafuta ni ya nani, chakula cha dereva ni cha nani, ada ya maegesho ni ya nani, na gari litangoja mpaka saa ngapi bila nyongeza.

Dereva asiyependa mpira

Watu hutafuta dereva shabiki. Mimi namtafuta asiyependa mpira kabisa. Dereva shabiki ataacha gari wazi, atakuwa kando ya mstari anamtukana mshika kibendera, na saa kumi na moja na nusu amechoka kuliko mabeki. Asiye shabiki atatandika kirago chini ya mwarobaini, atalala, ataamka saa kumi na moja na macho safi, na usiku ndio unaomhitaji akiwa na macho hayo.

"Kaka, wewe ni wa timu gani?"

"Mama, mimi na mpira mbalimbali."

"Basi wewe ndiye."

Viti vya mbele wapeni wazee. Watawasimulia jinsi Feisal ya Mombasa ilivyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965, na kwamba tangu hapo ubingwa huo haujarudi Pwani. Waacheni wasimulie, hata kama mmeshayasikia. Kijana anayedhani Pwani haina historia ya mpira atashuka Kilifi akiwa mtu mwingine, na mzee atawalipia nyote chai.

Kikapu

Leso mbili kwa kila mwanamke. Si pambo. Viwanja vingi vya kwetu havina vyoo, na vikiwepo vimefungwa na mwenye ufunguo yuko sokoni. Wanaume hawalioni tatizo hili, kwa hiyo hakuna anayelipanga. Lipange wewe: kituo cha mafuta kabla ya kuingia mjini, msikiti wenye sehemu ya wanawake, shule iliyo karibu, au nyumba ya yule mama wa viazi. Pale pasipo na chochote, wanawake wanne na leso zao ni ukuta. Baadaye leso hiyo hiyo ni kivuli, ni kikalio, ni mswala.

Maji ya bomba lita 20 kwenye dumu, na vikombe. Ndimu na chumvi. Mahamri yaliyopikwa alfajiri, mbaazi kwenye hotipoti. Kofia kwa kila mtoto, kwa sababu saa tisa ya kaskazi haina huruma na jukwaa lenye paa hakuna. Pesa za noti ndogo, maana mtandao ukipotea hapo uwanjani hutanunua hata kachri. Chaja ya kubebea, moja kwa gari zima, inayoshikwa na mtu asiyecheza michezo ya simu.

Kama mmebeba na wachezaji, na timu nyingi za kwetu husafiri pamoja na mashabiki wake, basi faili la kadi za wachezaji liingie garini kabla ya mchezaji yeyote. Mchezaji bila kadi ni mtazamaji mwenzenu.

Kando ya mstari

Kiingilio mara nyingi hakuna. Kikiwepo ni shilingi 50 au 100, lipa bila kubishana, ndiyo pesa inayolipia ile ambulansi. Hakuna jukwaa la wageni. Mtasimama bega kwa bega na wenyeji, kamba moja ikiwatenganisha na mstari, wakati mwingine hata kamba haipo.

Mkifika, kabla ya kutandaza bendera, mtu mzima mmoja akasalimie. Aende kwa wazee wa timu mwenyeji, awape mkono, aseme tumetoka Mombasa, tumekuja kwa amani, watoto wetu hawa. Dakika mbili. Refa atakapoleta mambo yake kipindi cha pili, wale wazee ndio watakaosimama kati yenu na vijana wao. Nunueni chakula kwao pia. Pilau yenu iacheni garini kwa usiku; mihogo ya kukaanga, viazi na madafu nunueni pale pale, kwa akina mama wa mtaa ule. Mtu aliyekuuzia mhogo wa shilingi ishirini na mkacheka hakutupii jiwe.

Kuimba, imbeni. Ngoma ipigwe, manyanga, tarumbeta, na kumtania kipa wao kuhusu nywele zake ni halali. Kabila la mtu, mama wa mtu, na dini ya mtu haziimbwi. Anayeanza hayo anarudi kukaa garini na dereva. Na hakuna anayeingia uwanjani, hata bao likiwa la dakika ya mwisho, kwa maana faini hutozwa timu, na timu ikikosa pesa itawaita nyinyi wenyewe mchange.

Gari ligeuzwe uso barabarani wakati wa mapumziko. Dakika ya 80 mtu mmoja aliyechaguliwa aende akamwamshe dereva. Tukishinda kwa taabu au tukifungwa kwa penalti ya kutatanisha, watoto na wazee wanaanza kutembea kuelekea garini dakika ya 85, taratibu, bila kutangaziwa. Mara nyingi haitakuwa na haja. Nimeona wenyeji waliotufunga wakatupa mabuyu ya njiani.

Si kila safari ni Malindi

Ukunda usikodi gari. Vukeni feri kwa miguu, pandeni matatu Likoni, ni kama kilomita 30 tu, na kila mtu anajilipia. Mkiwa na wachezaji, ngoma na mizigo ndipo gari lina maana, na hapo mpitisheni dereva barabara ya Dongo Kundu, mtokee Kibundani bila kugusa foleni ya feri.

Voi watu hunipendekezea treni. Treni ya asubuhi inayosimama vituo vya kati inatoka Miritini na itawashusha Voi mapema sana kwa mechi ya Moi Stadium. Lakini uliza swali letu lile la kwanza: inarudi lini? Ile ya kutoka Nairobi inayosimama vituo hivyo inapita Voi mchana, kabla refa hajavaa viatu. Kwa hiyo treni hiyo ni ya kwenda tu, na kurudi ni basi au matatu kwenye ile barabara ya malori, kama kilomita 150, mkiingia mji kwa Mariakani na Mazeras usiku. Mimi hupendelea gari moja kwenda na kurudi. Mwenye kutaka treni aende mapema, atuwekee nafasi kando ya mstari, na kitambulisho asisahau, tiketi haikatwi bila hicho.

Wundanyi, kwenye uwanja wa Dawson Mwanyumba, ni habari nyingine. Mji uko milimani, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na barabara ya kupanda kutoka Mwatate ni kona juu ya kona. Hapa dereva asiyependa mpira hatoshi. Awe ameshaiendesha njia ile. Mkiwa wa Pwani hamna sweta, azimeni. Mwe mmeshuka mlima kabla giza halijaingia, hata kama ni kuacha dakika kumi za mwisho. Hapo ndipo pekee ninapokubali kuacha mechi haijaisha.

Lamu, ikitokea mkapangiwa kucheza kwenye uwanja wa Twaif, si safari ya siku moja. Ni barabara ndefu, ni boti kutoka Mokowe, ni kulala. Tafuteni jamaa wa kuwapokea kwanza, ndipo mzungumze nauli.

Ramadhani, mechi zikichezwa, hesabu yote inabadilika. Mchezaji aliyefunga na shabiki aliyefunga wote wana saa moja tu wanayoifikiria. Usipange kufuturu "tutakapofika". Pangeni mahali: msikiti fulani Kilifi, au garini kwa tende na maji ambayo yameshagawiwa kabla ya kuondoka uwanjani. Dereva afuturu gari likiwa limesimama. Na mwenye kaimati asiwe mchoyo.

Mkifika mmekuta mechi imefutwa

Itatokea, hata kwa simu zote tatu. Msianze kulaumiana uwanjani. Kama timu zote mbili zipo na waamuzi wameshaandika ripoti yao, ombeni vijana wacheze ya kirafiki, hata dakika thelathini kila kipindi. Wachezaji wa akiba wasiogusa mpira msimu mzima watawashukuru. Kama hata hilo haliwezekani, kuleni pilau yenu, watoto waone bahari ya wenzao, na mrudi mapema. Mwenye gari hawarudishii pesa, hilo mlijue tangu mwanzo, ila saa za kungoja zisizotumika unaweza kumwomba azihesabu safari ijayo. Wa kwangu hukubali, kwa manung'uniko.

Usiku ule mkirudi, hakikisha kila mtu ameandika kwenye kikundi neno moja, "nimefika". Usilale mpaka wa Likoni ameandika. Asubuhi yake weka hesabu hadharani: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, pamoja na picha ya ujumbe wa M-Pesa wa ile nusu ya pili ya gari. Na yule aliyesema atalipa Jumatatu, mpigie Jumatatu.